Umbali wa Vidole Viwili

Mtaa mzima unamwita Mama Pasipoti, na yeye mwenyewe hajawahi kuwa nayo. Kazi yake ni kupiga picha ndogo ndogo za vitambulisho, za wanafunzi, na za watu wanaokwenda nchi ambazo yeye huzisikia redioni tu. Jumamosi hupiga harusi. Studio yake ni chumba kimoja chenye ukuta mweupe upande huu na wa bluu upande ule, kiti cha kuzunguka, na kioo kilichoning'inizwa kitana kwa kamba, maana wateja walishamwibia vitana mpaka akachoka. Ukikaa kwenye kile kiti anakupanga kama mtu anayepanga vyombo kabatini: bega hili shusha, shingo nyoosha, usicheke, pasipoti haitaki kicheko. Watu hutoka pale na sura ambazo mama zao wangezikana, lakini hakuna ofisi iliyowahi kuzirudisha.

Mlango wa pili kutoka kwake, chini ya ngazi za jengo lilelile, yuko mama yake mzazi. Huyu ni fundi saa. Ufundi alijifunza kwa marehemu mumewe, kwa kumtazama tu, na mume alipoondoka duniani wateja walikuja kuchukua saa zao wakidhani duka ndilo limekufa. Wakamkuta mjane ameketi kwenye kiti kilekile, kile kioo cha mafundi kimebanwa jichoni, anawauliza saa imesimama tangu lini. Wakaziacha. Jina lake pale mtaani ni Bi Dakika, kwa kuwa yeye kila mteja humwambia angoje dakika moja tu, na dakika hiyo huanza asubuhi ikaisha watu wanapokwenda kula. Walimtania kwamba ni fundi saa asiyejua saa. Yeye aliwajibu kwamba anazitengeneza, hajasema anazitii.

Usingemwona akifanya kazi bila kumpenda. Kioo chake kidogo, si kikubwa kuliko kifuniko cha chupa, alikishika kwa nyama ya jicho tu, bila mkono. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa meza, mikono ikaingia kutoka pembeni, kibano huku na bisibisi huku, na pumzi akaizuia, maana kwa fundi saa pumzi ni maji na maji ni kutu. Ukimwona kwa nyuma ungedhani bibi kasinzia. Thubutu umguse.

Sasa, ilianza hivi. Bi Dakika akawa anarudisha saa za watu bila kuzifungua. Huyu aliambiwa vipuri vyake havipatikani tena, yule kwamba saa yake imechoka na haina faida kuihangaikia. Betri alizibadilisha, kwa sababu betri vidole vinajua vyenyewe. Lakini zile saa za kujaza, zenye magurudumu na skrubu ndogo kuliko punje ya chumvi, alizikwepa. Mama Pasipoti aliyaona haya kwa wiki kadhaa akajifanya haoni, kama watoto wanavyofanya mzazi anapoanza kuzeeka. Mpaka siku alipomkuta mama yake amefungua saa moja, ameikodolea macho muda mrefu, kisha akaifunika bila kuigusa na kukaa tu, mikono mapajani.

Akampeleka kwa daktari wa macho kwa nguvu. Daktari alieleza kwa upole kwamba sehemu ya katikati ya macho yote mawili imechakaa, kwamba kandokando bado anaona vizuri, na kwamba miwani haitasaidia. Kinachoweza kusaidia kidogo ni kukikuza kitu kiwe kikubwa sana. Bi Dakika alitoka pale akisema daktari mwenyewe ni mtoto lakini ana adabu. Baada ya hapo hakusema neno mpaka jioni, na kwa mwanamke ambaye hata akila huwa anasimulia, kimya kile kilimtisha bintiye kuliko maneno ya daktari.

Habari ikamfikia mdogo wake Mama Pasipoti, mtoto wa pili na wa mwisho, kijana kinyozi mwenye saluni ya viti viwili katika mji wa mbali. Kijana, nasema, lakini naye ana watoto wanne na kitambi. Ni mwana mwema, hana tatizo. Alipiga simu akasema mwisho wa mwezi atakuja na pikapu ya rafiki yake kumchukua mama, chumba kipo, kina dirisha, ng'ombe haelemewi na nundu yake. Bi Dakika akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwekea sharti. Kama siku atakayofika yeye atashindwa kuifungua saa ya kujaza na kuifunga ikatembea, kwa mikono yake mwenyewe, atapanda hiyo pikapu bila ubishi. Kama ataweza, basi kinyozi atakula chakula cha mchana na kurudi kwake. Mwana akakubali. Angekataaje, na moyoni alijua jibu?

Mama Pasipoti naye alijua, na hakulala vizuri. Alijua kwamba mama yake bila ile meza atazimika. Hataugua wala hatalia, atazimika tu, huko kwenye chumba chenye dirisha. Na tuseme kweli, alijihurumia mwenyewe pia. Miaka yote ya utu uzima wake, kila asubuhi kabla ya kufungua studio, alipita kwanza kwenye mlango ule kuulizwa amelalaje na kuambiwa kwamba blauzi hiyo haimpendezi. Hakuweza kuufikiria ule mlango umefungwa.

Wazo lilimjia akiwa kazini. Ana runinga ukutani, ambayo kwayo huwaonyesha maharusi picha zao ili ndugu wote wabishane kwa pamoja. Kamera inaunganishwa kwa waya na chochote inachokiona kinatokea pale, kikubwa kama mlango wa kabati. Kwa nini isiione saa? Akaihamishia runinga kwa mama yake, akaiegemeza ukutani mbele ya meza ya kazi, akaelekeza lenzi yake ya harusi kwenye saa. Akisogea karibu, picha ikawa uji mtupu. Akirudi nyuma mpaka picha ikatulia, saa ikawa ndogo kama dengu. Lenzi ya harusi imezoea watu, na watu huwa hawakai puani pa kamera. Ilibidi apate lenzi ya vitu vidogo, zile wanazopigia wadudu na mbegu za maua.

Lenzi za namna hiyo, zilizokwisha kutumika, zinauzwa na bwana mmoja mwembamba anayevaa glovu za pamba na kuitikisa kila lenzi sikioni kabla ya kuisemea lolote. Wapiga picha wote wa mji wanamwita Daktari. Akamtandikia Mama Pasipoti kitambaa cheusi na kuweka lenzi mbili, moja fupi, nyingine ndefu mara mbili yake. Fupi aliiita arobaini na ndefu mia, kwa milimita zake. Akaeleza kwamba zote mbili zinakuza sawasawa na hakuna iliyo kali kuliko mwenzake. Tofauti ni kwamba arobaini, ili ikuze mpaka mwisho, lazima uisogeze karibu kugusana na kitu, na mia inakuza vilevile ikiwa imesimama mbali.

"Watu wakija hapa huniuliza ipi inakuza zaidi," Daktari akamwambia. "Hilo si swali. Swali ni wewe unataka kukaa mbali kiasi gani na hicho kitu chako."

Akamshauri mia. Panzi ukimsogelea sana anaruka, alisema. Mama Pasipoti akamjibu kwamba saa haijapata kuruka. Halafu, kwa kuwa kuuliza si ujinga, akampigia simu mama yake palepale na kumwuliza: akiwa kazini, kile kioo chake kinakaa umbali gani kutoka kwenye saa?

"Vidole viwili," Bi Dakika akasema bila hata kufikiri.

Basi kesi ikaisha. Arobaini ndiyo lenzi ya vidole viwili. Daktari alijaribu tena kutetea mia, lakini alikuwa anabishana na binti wa Bi Dakika, na ubishi ule ni urithi. Mama Pasipoti akaondoka na arobaini ndani ya soksi ya sufu, ameikumbatia kifuani kama kitoto.

Wakaifunga kwenye stendi, uso ukitazama chini, wakaiteremsha taratibu juu ya saa iliyo wazi. Kweli, runinga ikajaa magurudumu. Bi Dakika akanyanyuka kitini. Akachukua kibano, akaingiza mkono, na kibano kikagonga lenzi. Akajaribu kutoka kushoto, kikagonga. Akajaribu kwa nyuma, akaisukuma saa nzima nje ya picha. Isitoshe, ile lenzi yenyewe, nene kama kikombe cha chai, ilikuwa imeifunika saa na kuikinga mwanga, kwa hiyo kila mkono ulipoingia runinga iligeuka usiku. Wakiinyanyua kidogo juu mkono upite, saa inakuwa ndogo tena, na ukungu wa machoni unaimeza.

Wakakaa. Bi Dakika ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha puani.

"Umeniuliza kioo changu kinakaa wapi," akasema. "Hukuniuliza mikono yangu inapita wapi."

Na palikuwa na kosa la wawili hapo. Kile kioo cha jichoni ni chembamba, kichwa kinainamishwa upande, na vibano vinapenya chini yake kwa pembeni bila shida. Fundi saa yeyote duniani angejibu vidole viwili, na mtu asiye fundi saa asingejibu hivyo kamwe. Bi Dakika alilisema hilo mwenyewe, kwamba amejibu kifundi. Na hakuna mtu mwingine ila bintiye angelichukua jibu lake kama lilivyo, bila kwenda kupima. Safari hii wakapima. Bi Dakika akaweka mikono mezani kama anayefanya kazi, na kibano kikasimama wima. Binti akapima kutoka kwenye saa kwenda juu, akahakikisha vifundo vya vidole na ncha ya kibano vinapita chini bila kugusa. Ikahitajika karibu shibiri nzima.

Akarudi kwa Daktari amefyata mkia. Daktari hakumcheka, na hilo lilimwuma zaidi. Aliipokea arobaini, akaitikisa sikioni kuhakikisha haijaumia, akaleta mia. Mia ina bei zaidi, na ili mambo yalingane Mama Pasipoti akamwachia flashi yake ya akiba, ile aliyoipenda. Akamweleza pia, kwa mara ya kwanza, kwamba lenzi ni ya nani. Daktari akavua glovu moja na kutafuta kwenye droo pete ya kuifungia lenzi isicheze kwenye stendi, akampa bila kusema bei.

Mia ilipowekwa, ilisimama juu kabisa kama jirani mwenye adabu, na chini yake pakabaki nafasi ya mikono, ya taa, hata ya kikombe kama ungetaka. Mwanzoni waliiweka kinyume, mkono wa kulia ukawa unatokea kushoto kwa juu, na Bi Dakika akauliza ni nani huyo anayemwibia saa. Wakaigeuza. Kisha Mama Pasipoti akazungusha pete ya lenzi polepole mpaka likatokea lile gurudumu dogo la katikati, lenye waya mwembamba uliojikunja kama kamba ya kuwekea nanga, na kila jino lake likaonekana.

Bi Dakika alisogeza kiti mpaka karibu na runinga. Alitazama kwa upande, kichwa kimegeuzwa kidogo, kama walivyomfundisha kwa daktari wa macho. Midomo ikamcheza.

"Nani ameitia mafuta mengi hivi, mchafu huyu," akasema.

Ilikuwa ni yeye, mwaka uliopita, na wote wawili walijua. Mama Pasipoti akatoka nje akajifanya anatafuta waya, akalia kidogo kwa furaha penye ngazi, akarudi.

Lakini kuona ni kimoja na kufanya ni kingine. Mtu aliyezoea kutazama mikono yake sasa ilibidi atazame ukutani huku mikono ikihangaika chini peke yake, kama anayejisuka nywele za kisogoni. Tena picha ya runinga huchelewa kidogo, mkono unafika kwanza na picha inafuata. Bi Dakika hakutaka kutazamwa akijifunza. Alivuta pazia la mlango, akamfukuza bintiye, na ukipita ungesikia kibano kikianguka, mtu akinong'ona maneno yasiyofaa, kisha kimya. Kila jioni Mama Pasipoti aliuliza imekwendaje, na kila jioni akaambiwa inakwenda. Hakupata jibu lingine mpaka mwisho wa mwezi ulipowafikia.

Kinyozi alikuja asubuhi ya Jumapili. Pikapu aliiegesha nje, nyuma ina magunia matupu na kamba, maana mtu akija kuhamisha haji mikono mitupu. Alimsalimia mama yake kwa kumshika mikono yote miwili, akampa dada yake pole ya kumsumbua, akaketi kwenye kiti cha wateja. Bi Dakika hakupoteza muda. Mezani aliweka saa ya mwashi mmoja, ya kujaza, iliyosimama tangu mvua zilizopita. Akaifungua kwa vidole. Akaiweka chini ya lenzi, akashika kibano, akainua uso kuitazama runinga.

Mkono ukaingia kwenye picha, na ulikuwa unatetemeka.

Si kidogo. Ncha ya kibano iliruka kutoka upande mmoja wa runinga mpaka mwingine, ikapita juu ya gurudumu, ikarudi, ikapita tena. Mama Pasipoti alihangaikia macho, akazunguka mji mzima kwa ajili ya macho, kumbe na mikono nayo. Na sasa, kwa mikono yake mwenyewe, ameikuza aibu ile na kuiweka ukutani mdogo wake aione. Kama ardhi ingepasuka angeingia.

Kinyozi aliinamisha kichwa. "Mama," akasema taratibu, "basi. Inatosha."

Bi Dakika akakiweka kibano chini. Hakuonekana kuumia. Akamwambia mwanawe asogee, ashike kile kibano, aweke mkono pale kwenye taa. Yeye si kinyozi? Si ndiye anayewapitisha watu wembe kooni wakiwa wamefumba macho? Hebu mkono wake ulio imara uonekane. Kinyozi akacheka kwa haya, akashika kibano kwa madaha ya kazi yake, akaupeleka mkono chini ya lenzi. Kwenye runinga kibano kikarukaruka kama samaki aliyetupwa kapuni. Akakaza misuli, kikazidi. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, ikawa samaki wawili. Dada mtu akajaribu naye, na wake ndio ulikuwa aibu kabisa.

"Hakuna mkono usiotetemeka," Bi Dakika akasema. "Damu inapita humo, mtaizuia wapi? Baba yenu alitetemeka na mimi nimetetemeka tangu siku ya kwanza, ila nyinyi hamkuwahi kuchungulia kile kioo. Fundi hazuii. Fundi anangoja mkono upite penyewe pale anapotaka, ndipo anaachia."

Akachukua kibano chake. Akaegemeza kidole cha mwisho kwenye meza, akatoa pumzi yote nje, akangoja. Kibano kiliruka huku, kikaruka kule, na mara, katikati ya kuruka, kikatulia kitambo kifupi juu ya gurudumu. Akalinyanyua. Akalisafisha, akalirudisha, akashika skrubu, na skrubu hiyo ikamchomoka ikapotea. Wote watatu wakapiga magoti chini ya meza na tochi ya simu, kinyozi na kitambi chake akikwama kwenye mguu wa kiti, mpaka ikapatikana imenasa kwenye soksi ya kinyozi mwenyewe. Bi Dakika akaanza upya bila kuhema. Haikuwa haraka. Mama Pasipoti aliuma ukucha mpaka ukaisha. Kisha lile gurudumu, kubwa pale kwenye runinga, likatikisika, likasita, likaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na ukisogeza sikio mezani unaisikia saa.

Wakakaa wakilitazama. Kinyozi ndiye aliyenena kwanza, na alinena kama mtu mzima. Alisema ahadi ni ahadi, ameshindwa na amefurahi kushindwa. Lakini akaomba aambiwe ukweli mmoja. Runinga inabebeka. Stendi inabebeka, hata na lenzi. Kwake kuna meza, na huko nako watu wana saa. Kama ni kazi tu, vitu vyote hivi vingetosha nyuma ya pikapu. Sasa kwa nini mama hataki kuja kwake? Amemkosea nini?

Bi Dakika akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Hujanikosea, baba," akasema. "Hapa mtu akikohoa namjua. Viatu vyake vinaniambia ni nani. Dada yako namjua kwa zile ndala zake. Huko kwako kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nitakaa na wajukuu nisiowajua, wanapita mbele yangu na sijui yupi ni yupi." Kisha akalitoa la moyoni. "Uso wa mtu sijauona tangu mwaka jana. Mnaingia hapa naona mabega, juu yake ukungu. Wako nimeusahau kidogo."

Mama Pasipoti alisimama kama aliyepigwa kofi. Kila asubuhi aliingia pale. Kila asubuhi aliambiwa blauzi haimpendezi, na akadhani ameonekana. Yeye ambaye riziki yake yote ni nyuso za watu, hakujua kwamba wake haumo machoni mwa mama yake. Alikwenda kwenye stendi, akalegeza mkono wake wa chuma, akaiinua lenzi kutoka kwenye saa na kuigeuza ikatazama kiti cha wateja. Lenzi ile ikiachwa mbali na vitu vidogo hupiga uso wa mtu vizuri kupita hata ya harusi. Akamsukuma mdogo wake kitini kwa bega, akamwelekezea taa, akazungusha pete.

Uso wa kinyozi ukajaa runinga nzima, macho, pua, kovu la utotoni kwenye nyusi, mvi mbili tatu alizodhani hakuna anayezijua. Bi Dakika akanyanyuka. Akaenda mpaka akaikaribia runinga kabisa, akageuza kichwa upande huu, akageuza upande ule, akipita kwenye uso ule kipande kwa kipande kama anayetafuta hitilafu. Mwisho akainua kidole akakiweka kwenye kioo, chini ya sikio la mwanawe.

"Kweli kinyozi hajinyoi," akasema. "Umeacha nywele hapa."

Kinyozi akabaki amekaa na machozi yanamtiririka kwenye runinga makubwa kama maharage. Mama yake akayafuta pale pale kwenye kioo cha runinga, kwa kiganja, akijua kabisa kwamba hayafutiki hivyo. Kisha akamwambia atoke, ampishe dada yake.

Mama Pasipoti, aliyewakalisha watu wengi kuliko mtu yeyote katika mji ule, akakaa kwenye kile kiti na hakujua aangalie wapi wala mikono aiweke wapi. Mdogo wake ndiye aliyezungusha pete, vibaya, kisha vizuri.

"Futa machozi kwanza, mama," Bi Dakika akamwambia bintiye. "Yananikinga."

Akayafuta kwa kitambaa cha kufutia lenzi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, akainua uso.